Wageni wa Saa Kumi

Tokyo, 18 Aprili 2020

Wifi yangu Orie,

Huku maua ya micheri yamepukutika bila mtu wa kuyatazama. Natumaini huko Kanazawa angalau mliyaona.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Tangu tumzike kaka yangu Yasuharu, mimi na wewe tukishika simu hatumalizi bila kurushiana maneno, na siku hizi sina nguvu za kugombana. Kwenye karatasi labda tutaheshimiana.

Nina swali. Uliniambia nyumba ya wageni umeifunga, kwamba wote walioweka vyumba kwa ajili ya majira ya maua wameghairi kwa sababu ya korona, na kwamba wafanyakazi umewarudisha kwao, amebaki mpishi Genzaburo tu. Sawa. Jumapili nikampigia Mama. Alipokea kwa sauti nzuri kabisa, hata nikafurahi. Nikasema, "Mama, ni Chigusa, habari za huko?" Akanijibu, "Samahani, tuna wageni, nitakupigia baadaye." Akakata. Hakupiga. Jumatano nikajaribu tena. "Tuna wageni." Akakata.

Wageni gani, Orie?

Mama ana miaka themanini na tatu, na kifua chake unakijua kuliko mimi. Sitaki kukufikiria vibaya. Nijibu tu. Ikibidi nitapanda treni nije nijionee.

Wifi yako,
Chigusa

*

Kanazawa, 27 Aprili 2020

Wifi Chigusa,

Huku ni mvua tu. Maua tuliyaona tukiwa chini ya miavuli.

Hakuna wageni. Mama anasema hivyo kwa mazoea. Mtu aliyepokea wageni tangu ujana wake, simu ikilia unadhani atasema nini? Anakula, analala, na kila asubuhi anafagia njia ya mawe mbele ya mlango ingawa hakuna mguu unaoikanyaga.

Mtaa usingeutambua. Unakumbuka wale wasichana waliokuwa wakikodi kimono na kupiga picha mlangoni kwetu mpaka Genzaburo anashindwa kupitisha samaki wake? Sasa paka wa jirani yetu Wakana analala katikati ya barabara, akichoka upande mmoja anageukia wa pili. Sokoni Omicho wauza kaa wanaitana wenyewe kwa wenyewe. Bustani kubwa ya mji imefungwa. Tulizoea kuwalaani watalii kwa kelele zao, na sasa kila mtu anatega sikio.

Kuhusu kuja, tafadhali usije. Wiki iliyopita gari lenye namba za Tokyo liliegeshwa kando ya mto, asubuhi likakutwa limebandikwa karatasi kwenye kioo: "Rudini kwenu na ugonjwa wenu." Kumbe mwenyewe ni kijana wa hapahapa, gari kanunua mtumba. Sasa wewe wakuone unashuka kituoni na mzigo, itakuwaje? Na kifua cha Mama umekitaja mwenyewe.

Ukitaka kuongea naye usipige alasiri. Piga asubuhi.

Orie

*

Tokyo, 21 Juni 2020

Wifi,

Nimepiga asubuhi kama ulivyoniagiza. Mama aliongea vizuri, lakini kila nikimuuliza kitu kunapita kimya kidogo ndipo anajibu, na ndani ya kile kimya nasikia mtu anapumua. Ni wewe? Unamnong'oneza cha kusema?

Ningenyamaza, ila jana amenipigia Wakana. Unajua tulisoma darasa moja, na duka lake la vitamu vya maharage linatazamana na mlango wetu. Hakuzunguka. "Chigusa, mbona mnatufanyia hivi?" Nikamuuliza tumefanya nini. "Sisi wote mtaani tumefunga, tunakula akiba. Wifi yako anapokea watu mchana kweupe!"

Nikamwambia haiwezekani.

"Haiwezekani? Nina macho mimi. Jumatatu saa kumi alasiri kaja mwanamke, kofia mpaka kwenye nyusi, barakoa, sanduku la magurudumu linakwaruza mawe, krrr. Mama yako kapiga magoti mlangoni, kainama. Jumanne kaja bwana, kamera shingoni. Mama yako kainama tena. Wanaingia, lakini asubuhi sijawahi kuona mtu akitoka. Mnawatoa wapi? Osaka?"

Nikamwambia nitakuuliza wewe. Una jibu gani?

Na kama tumeshafika hapa, niseme lote. Nakumbuka ile kampuni iliyotaka kununua nyumba zote za kando ya mto ijenge hoteli. Nakumbuka pia kwamba Yasuharu alipokuwa hai wewe hukusema ndiyo wala hapana. Nyumba ile ni ya Mama. Siyo yako, na siyo yangu mpaka Mama atakapofumba macho. Usimtumie mzee wa watu kupokea wageni wa kujificha, wanamkoholea usoni naye amewainamia.

Chigusa

*

Kanazawa, 3 Julai 2020

Wifi,

Wakana ana dirisha kubwa na kazi ndogo.

Nimeshasema hakuna mgeni. Nasema tena, hakuna mgeni hata mmoja aliyelala katika nyumba hii tangu mwezi wa tatu. Ukitaka kuniita mwongo andika neno lenyewe, usilifunge kwenye kitambaa.

Ile kampuni ilikuja tena mwezi wa tano. Niliwapa chai nikawafungulia mlango wa kutokea.

Kama hofu yako ni kwamba Mama hayupo na mimi nakuficha, nakuwekea picha yake humu. Genzaburo aliipiga jana pale mlangoni. Mtazame, kisha tupumzike wote.

Orie

*

Tokyo, 15 Julai 2020

Orie,

Nimemtazama.

Mama kwenye picha hii amevaa kimono nzito ya bitana, ile ya majani mekundu ya vuli. Unasema imepigwa Julai. Mimi nimelelewa na mwanamke huyu. Nikiwa na miaka kumi na sita nilivaa ya bitana Juni ilipokuwa imeshaingia, akanivua mbele ya wahudumu, akasema mwenye nyumba asiyejua majira atamjulia wapi mgeni wake. Mama yangu hawezi kuvaa majani ya vuli kwenye joto hili. Afadhali atoke na shuka.

Kwa hiyo picha ni ya mwaka jana au mwaka juzi. Kwa nini umenitumia picha ya zamani? Mama yuko wapi? Yuko hospitali? Nimepiga simu tangu Jumatatu na haipokelewi, asubuhi wala jioni.

Lile neno ulilotaka niliandike sijaliandika. Lakini kalamu iko mkononi.

Chigusa

*

Tokyo, 2 Agosti 2020

Mama yangu mpendwa,

Orie hajibu tena barua zangu, kwa hiyo nakuandikia wewe mwenyewe. Bahasha nimeiandika jina la Genzaburo ili ikufikie mkononi. Usimwonyeshe Orie.

Uko salama? Unakula vizuri? Kuna watu wanakuja hapo nyumbani, ni akina nani? Kama unalazimishwa jambo lolote niambie, nitakuja hata kwa miguu. Nimekukumbuka sana, Mama. Ningependa kuja kukaa siku chache katika kile chumba cha juu kinachotazama mto, tunywe chai wawili kama zamani.

Ni mimi,
Chigusa

*

Kanazawa, 9 Agosti 2020

Kwa mgeni wetu mheshimiwa, Bibi Chigusa wa Tokyo,

Katika joto hili kali tunakuombea afya. Tumepokea barua yako kwa furaha kubwa, na tunashukuru kwamba kati ya nyumba zote za Kanazawa umeichagua hii yetu ndogo.

Chumba cha juu kinachotazama mto tutakuwekea. Kimeombwa na wengi, lakini barua yako imeandikwa kwa upole, basi nimekipitisha kwako. Madirisha yakifunguliwa utasikia maji usiku kucha. Wengine huwanyima usingizi, wengine huwabembeleza. Tuambie wewe ni wa kundi gani tukupangie matandiko mbali au karibu.

Umeniuliza kama ninakula vizuri. Hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza hivyo. Nakula, asante, nikishawahudumia wote. Na umeniita Mama. Wageni wetu wa zamani wengi huniita hivyo, nami nafurahi.

Nyumba haijakosa watu. Juzi alikuwapo bwana mmoja mpiga picha, mtu mstaarabu, ingawa anafanana mno na mpishi wetu, mpaka mikono inanuka samaki vilevile. Sikumwambia, asije akaona vibaya.

Nina binti huko Tokyo, jina lake kama lako. Ana shughuli nyingi. Simsumbui kumwita. Ukimwona barabarani utamjua, hutembea haraka kama anayekimbia mvua.

Tunakungoja. Ukifika, mkwe wangu Orie atapokea mzigo wako.

Kamiyasu Fusano,
mwenye nyumba

*

Tokyo, 16 Agosti 2020

Orie,

Mama amenijibu. Nakunakilia barua yake hapa chini, neno kwa neno. Yenyewe siwezi kuitoa mkononi.

Nimeisoma mara tatu.

Tangu lini? Na wale watu wenye masanduku ni akina nani? Safari hii niambie kweli, hata kama ni mbaya.

Chigusa

*

Kanazawa, 25 Agosti 2020

Wifi Chigusa,

Sikujua kama amekuandikia. Genzaburo ndiye aliyepeleka posta. Nimemgombeza, akaniambia, "Bibi mwenye nyumba kaniagiza, wewe ni nani?" Ana haki.

Nakwambia yote.

Kusahau kulianza kabla ya ugonjwa huu, kidogo kidogo. Jina, siku, chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Wageni walipokuwapo hakuna aliyegundua. Kazi ilimbeba. Mikono ilijua la kufanya hata kichwa kikichelewa. Kisha korona ikaja, simu zikaanza, samahani tunaghairi, samahani tunaghairi, na ghafla nyumba ikawa kimya. Asubuhi Mama bado alikuwa Mama. Lakini kila ikifika saa kumi, saa ya kupokea wageni, anavaa vizuri, anapiga magoti mlangoni, anangoja. Namwambia, "Mama, leo hawaji." Ananijibu, "Treni imechelewa." Giza linaingia yuko palepale. Na hali chakula. Mwenye nyumba hali kabla ya wageni, si ndivyo alivyotufundisha? Siku nne hivi alikunywa chai tu. Akapungua mpaka mkanda wa kimono unamzunguka mara ya ziada.

Siku moja nikarudi kutoka sokoni, sikumkuta. Tulimpata kituoni, mbele ya mlango wa mashariki, hakuna abiria hata mmoja, naye anainamia mlango ule unaofunguka na kujifunga wenyewe. "Karibuni. Karibuni." Mlinzi alikuwa amesimama mbali anaogopa kumgusa.

Kesho yake saa kumi ilipofika sikufikiri sana. Nikachukua sanduku la Yasuharu na kofia yangu ya mvua, nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikazunguka uchochoroni nikaja mlango wa mbele. Nikasema, "Samahani, naomba chumba." Wifi, ungeuona uso wake. Aliinama, akaniuliza nimetoka wapi, nikasema Nagoya. Akanipandisha juu, akanipa chai, akaniambia nioge kabla ya chakula. Kisha akashuka jikoni, akala bakuli mbili za wali. Genzaburo alikuwa anakata vitunguu machozi yakimtoka, akasema ni vitunguu.

Tangu hapo tunapokezana. Mimi ni mwalimu wa Nagoya, mjane wa Toyama, mwanamke aliyeachika anayezunguka mahekalu. Genzaburo ni mpiga picha, hajui kingine. Kimono ya majani mekundu aliichagua mwenyewe. Nilijaribu kumbadilisha, akaniambia kwa ukali, "Wageni wa vuli wanakuja." Simu niliing'oa kwa sababu ilikuwa inampa habari za watu kughairi na alilia. Kumnong'oneza, ndiyo, nilimnong'oneza. Na sikukudanganya, hakuna mgeni aliyelala hapa. Lakini najua nilivyolipanga neno hilo.

Kwa nini nilikuficha? Siku ya mazishi ya Yasuharu ulisema mbele ya wote kwamba Mama akianza tu kushindwa, utampeleka nyumba ya kulelea wazee karibu na wewe. Mwaka huu nyumba hizo zimefunga milango. Ndugu wanasimama nje ya kioo wanapunga mikono. Atamwinamia nani kule?

Hiyo ni sababu ninayoipenda. Ipo nyingine. Mama akiondoka nyumba itauzwa, na mimi sina mume, sina mtoto, sina kwingine ninakojua sufuria ziko wapi. Niliogopa kwa ajili yangu pia.

Orie

*

Tokyo, 20 Septemba 2020

Orie,

Kuanzia Oktoba serikali inaturuhusu na sisi watu wa Tokyo kusafiri kama wengine. Nakuja Jumamosi tarehe kumi.

Chigusa

*

Kanazawa, 28 Septemba 2020

Wifi,

Nimekuandikia kurasa nne, umenijibu mistari miwili. Nimeigeuzageuza nione kama nyuma kuna kitu.

Unakuja kutembea au kumchukua? Ukinyamaza nitajua.

Watalii wameanza kurudi mmoja mmoja, wa karibu karibu, wanalipapasa lango la mtaa kwa macho kama watu wasio na hakika wamekaribishwa. Mimi sijafungua. Wakana ameacha kunisalimu kabisa. Namwona anasogeza pazia.

Njoo saa kumi, kwa mlango wa mbele, ukiwa na mzigo. Ukimtokea kwa njia nyingine ataogopa. Na tafadhali usimwambie kwa nguvu kwamba wewe ni binti yake. Mwanzoni nilijaribu kumsahihisha. Anaomba msamaha, Chigusa. Anaomba msamaha mpaka unatamani kufa.

Orie

*

Tokyo, 19 Oktoba 2020

Wifi yangu Orie,

Niliondoka asubuhi ulipokuwa sokoni, bila kukuaga. Haikuwa jeuri. Ningekutazama usoni nisingeweza kusema haya.

Ulikuwa sahihi kunishuku. Nilikuja na tiketi mbili za kurudia, moja ya Mama. Nafasi katika nyumba ya wazee nilikuwa nimeshamwombea. Njiani kwenye treni, behewa zima mimi na mzee mmoja aliyelala, nilikuwa napanga nitakavyokwambia, na maneno yote yalikuwa makali.

Ulipotupisha ukaenda jikoni, Mama alinipandisha chumba cha juu. Alipanda ngazi mbele yangu bila kushika ukuta. Akanimiminia chai kwa mikono miwili. Nikamwambia natoka Tokyo. Akaniuliza kama kule wagonjwa ni wengi, kwa hiyo kumbe anajua kuna ugonjwa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme, Mama, ni mimi, kusanya nguo tuondoke. Akatazama mlangoni, akanisogelea, akashusha sauti kama mtu anayekufichulia siri ya nyumba.

"Mgeni wangu, nikuombe jambo. Ukimwona mke wa mwanangu anafanya mambo ya ajabu, usimcheke."

Nikamuuliza mambo gani.

"Anatoka kwa mlango wa jikoni na sanduku la marehemu mumewe, anazunguka, anakuja mlango wa mbele anajifanya mgeni. Mara Nagoya, mara Toyama. Nadhani msiba umemchanganya. Siku nyingine namjua, siku nyingine hata mimi ananidanganya, anajua kweli kuigiza. Lakini siku ninayomjua sisemi kitu."

"Kwa nini husemi, Mama?" Nilimwita Mama, hakushtuka.

"Hana mtu yule. Nikimkatalia mlangoni, ataenda wapi?"

Kisha akaniuliza kama ningependa samaki wa kuchoma au wa kuchemsha, na alipogeuka kunitazama nilijua kwamba ameshaniweka tena pamoja na wageni wengine.

Sikulala. Nilisikiliza maji. Asubuhi nikaenda kituoni nikarudisha tiketi moja, na nilipofika Tokyo nikafuta ile nafasi. Wakana nilimpitia kabla ya treni, nikamweleza. Alisimama nyuma ya kaunta yake anafuta mahali palipo safi. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Hivi wageni wake hawali vitamu?"

Shuleni ninakofundisha nimeomba likizo ndefu. Nitakuja kabla ya theluji, nikae. Sijui nitakaa mpaka lini na sijui kama mimi na wewe tutaelewana ndani ya jiko moja. Tutagombana. Afadhali tugombane hapo.

Nisamehe kwa neno ambalo sikuliandika lakini nililifikiri.

Wifi yako,
Chigusa

*

Kanazawa, 4 Novemba 2020

Wifi yangu Chigusa,

Bustanini wameanza kuifunga misonobari kamba, theluji isije ikaivunja matawi. Watu wachache wamesimama mbalimbali wanatazama, kila mmoja na barakoa yake.

Barua yako niliisoma jikoni. Genzaburo akaniuliza kuna nini, nikamwambia vitunguu. Hapakuwa na vitunguu.

Wakana amekuja mara mbili. Mara ya kwanza ni mama wa Kyoto, mara ya pili ni mama wa Kyoto aliyesahau mwavuli. Anaongea mno kwa mgeni, lakini Mama anampenda, na kila akija analeta vitamu.

Juzi saa kumi, mvua ikinyesha, sikuchukua sanduku. Nilitoka kwa mlango wa jikoni na aproni yangu, nikazunguka, nikasimama mbele yake. Nikasema, "Mama, ni mimi, Orie." Akaitazama aproni yangu. Akasema, "Najua. Ingia, unalowa." Tukala pamoja, mimi na yeye, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu bila mtu kuwa mgeni wa mwenzake.

Nilidhani tumevuka. Jana nikafanya vilevile, na hakunijua. Aliinama, akaniuliza kwa adabu nimetoka wapi. Sikuwa nimejiandaa na mji wowote.

"Jikoni, Mama," nikamwambia.

Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Ni mbali huko. Pole sana na safari."

Wako,
Orie